Nafsi Isiyotajwa kwenye Jiwe la Hiroshima

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, nikiwa nimekwisha kuvua miwani. "Shikamoo Mwalimu. Naomba unitafsirie sentensi moja tu. Wanafunzi wangu wataiandika ukutani kwa ajili ya tarehe 6 Agosti." Aliyeniandikia ni mwalimu wa historia ambaye nilimfundisha Kiswahili zamani, kabla sijaingia kwenye kazi ya kuhariri vitabu, na mpaka leo tunaitana Mwalimu: yeye kwa heshima, mimi kwa utani ambao umekwisha kuzoeleka. Chini ya salamu alikuwa ameweka maneno yaliyochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu la Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki, yakiwa katika Kiingereza, na aliyaweka mara mbili kwa sababu aliyapata kwa namna mbili tofauti na hakujua ipi ni sahihi.

Namna ya kwanza iliwaombea wote walio hapo wapumzike kwa amani, kwa kuwa sisi hatutaurudia uovu. Ya pili iliwaombea vivyo hivyo, kwa kuwa kosa halitarudiwa.

Nilimjibu kwamba kesho asubuhi atakuwa nayo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Imenichukua wiki tano.

## Kitenzi kinachobisha hodi

Rafiki yangu aliyesoma Kijapani ndiye aliyenionyesha tatizo lilikoanzia. Kitenzi cha Kijapani kinaweza kusimama bila kumtaja mtendaji, na nomino yake haionyeshi kama kitu ni kimoja au ni vingi. Maneno yaliyochongwa mwaka 1952 yanawaambia wafu walale kwa amani kwa kuwa kosa halitafanywa tena, lakini ni nani asiyelifanya tena, na kama ni kosa moja au ni makosa mengi, jiwe halisemi. Kiingereza kililazimika kuchagua, ndiyo maana Mwalimu alipata sentensi mbili.

Kiswahili kinabanwa zaidi. Kitenzi chetu ni kama mgeni anayebisha hodi, hakifunguliwi mlango kabla hakijasema ni nani. Nikiandika *hatutalirudia*, nimeshasema ni sisi. *Hawatalirudia* inawanyooshea kidole wengine. *Halitarudiwa* inamficha mtendaji nyuma ya pazia, na *halitajirudia* ni mbaya kuliko zote, maana inalifanya kosa liwe kama mvua au mafua, kitu kinachokuja na kuondoka kwa hiari yake.

Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi nikifundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa roho ya mtu, kwa utu wake wa ndani, kwa kile kinachomsuta usiku. Sikuwahi kuziweka maana hizo mbili bega kwa bega mpaka sentensi hii iliponilazimisha.

## Methali iliyokuwa tayari

Siku ya tatu Mwalimu aliishiwa subira. "Mwalimu, mbona methali ipo? Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tuweke hiyo, wanafunzi wote wanaijua."

Karibu nikubali. Ilikaa vizuri mno, kana kwamba wahenga wa pwani na wachongaji wa Hiroshima walikuwa wamekaa baraza moja. Kilichonizuia ni kalenda. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. Nagasaki ilipigwa tarehe 9, saa 5:02 asubuhi. Kosa lilirudiwa kabla waliochomwa na lile la kwanza hawajamaliza kufa, na tukiifuata methali neno kwa neno, basi la Hiroshima halikuwa kosa bado. Lilihesabika kuwa kosa Nagasaki ilipoungua. Methali inayomsamehe mkosaji mara ya kwanza haiwezi kuandikwa juu ya watu takribani 140,000 waliokuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka ule.

Nilipokuwa natafuta jinsi ya kumweleza Mwalimu hilo bila kuonekana mzee mkaidi, nilirudi kuisoma amri yenyewe ya jeshi la Marekani ya kuangusha mabomu. Ilitolewa tarehe 25 Julai 1945, ikatiwa saini na Jenerali Thomas Handy kwenda kwa Jenerali Carl Spaatz, ikataja miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Kuhusu bomu la kwanza ilieleza ni kikosi gani kitalibeba na kuanzia lini. Kuhusu yaliyofuata ilisema kwamba mabomu mengine yatapelekwa kwenye shabaha hizo mara tu yatakapokuwa tayari. *Yatapelekwa*. Hakuna aliyehitaji kukaa kitako baada ya Hiroshima, kutazama picha za mji ule, kisha kuamua upya. Bomu la pili lilikamilika, hali ya hewa ikatabiriwa kuharibika, siku ikavutwa kutoka tarehe 11 hadi 9, na ndege ikaruka. Iliikuta Kokura imefunikwa na mawingu na moshi, ikazunguka juu yake mara tatu, kisha ikageuzia Nagasaki. Ni tarehe 10 Agosti ndipo Rais Truman wa Marekani alipoagiza kwamba bomu jingine lisiangushwe bila idhini yake ya wazi.

Tsutomu Yamaguchi, mhandisi wa Mitsubishi, aliunguzwa Hiroshima akiwa safarini kikazi, akasafiri kurudi kwao Nagasaki akiwa amefungwa bandeji, na asubuhi ya tarehe 9 alikuwa ofisini akimweleza mkubwa wake namna bomu moja lilivyoufuta mji mzima. Mkubwa wake alikuwa hamwamini. Mwanga wa pili ukaingia dirishani.

Kwa hiyo nikaifuta *halitarudiwa*. Kauli ya kutendwa ndiyo kauli iliyolibeba bomu la pili.

## Ugomvi juu ya jiwe

Nilijifariji kwamba mahangaiko yangu ni ya mhariri tu, mtu wa kuhesabu mikato. Kumbe jiwe lile limegombaniwa tangu mwaka lilipozinduliwa.

Maneno yake yalitungwa na Tadayoshi Saika, profesa wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Hiroshima, ambaye naye alikuwa manusura wa bomu. Novemba 1952 alifika Radhabinod Pal, jaji wa Kihindi aliyekuwa katika mahakama ya Tokyo iliyowahukumu viongozi wa vita wa Japani, akasomewa maneno yale, akauliza kwa hasira ni kosa la nani, maana aliyeangusha bomu si Mjapani. Saika alimjibu kwamba mtendaji ni binadamu wote. Yeye mwenyewe, alipoyatia maneno yake katika Kiingereza, alitumia "sisi", nayo ndiyo ile sentensi ya kwanza aliyoitoa Mwalimu. Mwaka 1983 mji uliweka kibao cha kufafanua hivyohivyo. Haikutosha. Mwaka 2005 mtu mmoja alikuja na patasi akalichimba neno "kosa" kulitoa kwenye jiwe.

"Binadamu wote" ni jibu zuri, na ninakiri kwamba ndilo lililonikera zaidi. Deni likiwa la watu wote, hakuna anayekwenda kudaiwa. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, aliufuta mji wa Kyoto kwenye orodha ya shabaha. Alikuwa ameufahamu, alikuwa ameutembelea, na watu wake wakaishi. Hiroshima haikupata bahati hiyo. Mwanafizikia Leo Szilard alikusanya saini 70 za wenzake Julai 1945 kupinga bomu lisitumike hivihivi, na waraka ule haukumfikia Truman kabla ya Hiroshima. Joseph Rotblat, mwanafizikia mwingine, alikuwa ameondoka Los Alamos, maabara ya Marekani lilikotengenezwa bomu, mwishoni mwa 1944, baada ya kuona kwamba Wajerumani hawatengenezi bomu na kwa hiyo hoja iliyompeleka kule imekwisha. Mtu aliyeondoka na mtu aliyebaki hawawezi kuvaa kiambishi kimoja kana kwamba walifanya jambo moja.

Na upande wa Japani? Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 walikuwa katikati ya mji wakibomoa nyumba ili kufungua njia za kuzuia moto wa mabomu, kwa amri ya watu wazima wa serikali yao, na ndio waliokuwa wazi kabisa chini ya mwanga. Walikuwamo pia makumi ya maelfu ya Wakorea, wengi wakiwa wamepelekwa kufanya kazi za vita. Mnara wa kumbukumbu yao ulijengwa mwaka 1970 nje ya bustani ya amani lilimo jiwe lile, ukaruhusiwa kuhamia ndani mwaka 1999. Ikiwa hata wafu walikaa nje ya ua miaka 29, hiyo "sisi" ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

## Kiswahili cha Shinkolobwe

Hapa ndipo usingizi uliponikatika kweli.

Nilikuwa nimejiweka pembeni wakati wote, kama mfasiri anavyopaswa: hili ni la Wamarekani na Wajapani, mimi kazi yangu ni kutafuta kiambishi. Kisha nikakumbuka barua ambayo Einstein alimwandikia Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939, inayosema kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani, madini ya kutengenezea bomu lile, ni Kongo ya Wabelgiji. Mahali penyewe ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mawe ya pale yalikuwa na urani kwa wastani wa asilimia 65, wakati mawe ya Marekani hayakufikia hata asilimia 1. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 mwaka 1940 na kuzihifadhi ghalani Staten Island, New York, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Baadaye mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa tena ili kuchimba zaidi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka katika shimo lile.

Na lugha ya kazi katika kambi za Union Minière ilikuwa Kiswahili.

Kampuni ilikusanya vibarua kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi, na Kiswahili ndicho kilichowafanya waelewane wao kwa wao na kuelewa amri za mabosi wao. Chimba. Beba. Pakia. Haraka. Siwezi kujua maneno yaliyosemwa siku fulani shimoni, lakini najua vitenzi vya amri vya lugha yangu, na najua kwamba vitenzi vya amri havidai kiambishi cha nafsi. *Chimba* haina mtendaji. Ina anayetii tu.

Watu hao hawakuwa mabubu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, na mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari wakawamiminia risasi, makumi wakafa. Kuhusu kilichokuwa ndani ya mawe yale hawakuambiwa neno, kama vile wasichana wa Tennessee waliokaa mbele ya mitambo ya kuchuja urani huko Oak Ridge hawakuambiwa kwa nini wanazuia mishale ya vipimo isipotoke. Tofauti ni kwamba wasichana wale wamepigwa picha, wamehojiwa, wamezeeka wakisimulia. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Mchimbaji wa Shinkolobwe hata jina lake sijalisoma popote.

Chini ya jiwe la Hiroshima kuna sanduku la mawe lenye vitabu vya majina. Kila Agosti majina ya manusura waliothibitishwa kufariki katika mwaka uliopita huongezwa, na sasa yamepita 340,000. Kimojawapo cha vitabu hivyo kimewekwa kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakujulikana. Hata wasiojulikana wana kitabu.

Nilitaka kumwandikia Mwalimu usiku uleule: weka *hatutalirudia*, sisi tumo, wachimbaji walisema lugha yetu. Asubuhi niliona aibu. Kuna watu wanaoingia msibani na kwenda kukaa moja kwa moja kwenye mkeka wa wafiwa, na nilijiona mmoja wao. Mchimbaji aliyelazimishwa hakuwa mshiriki wa kosa, naye alikosewa. Kumwingiza katika "sisi" inayotubu ni kumdai mara ya pili.

## Hesabu ya babu

Lakini kiambishi kile hakikuondoka, na kilirudi kwa njia ambayo nilikuwa nimeifunga mwenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye tope la masika wakipigana na Wajapani, na Desemba 1944 wakauvuka mto Chindwin. Kabla yao, Februari mwaka uleule, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Babu hakupenda kusimulia. Alitaja ruba, nyumbu na njaa. Jambo moja tu alilisimulia kwa furaha: usiku walipopata habari, wakiwa wamerudishwa India, kwamba Mjapani amesalimu amri. Walipewa chai yenye sukari bila kipimo, wakaimba mpaka alfajiri.

"Bomu la mwisho," ndivyo alivyoliita. Alilitaja kama mtu anavyotaja meli iliyomrudisha nyumbani.

Mama alizaliwa mwaka 1947.

Najua mabishano yote. Najua Muungano wa Kisovieti ulitangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti, na kwamba wapo wanahistoria wanaoona hilo ndilo lililoivunja Tokyo. Najua pia wanaosema bila bomu vita vingekula maelfu kwa maelfu zaidi, wakiwamo Wajapani. Nimesoma pande zote na bado sina hukumu. Ninachojua ni kwamba nilikua katika nyumba ambamo bomu lile lilikuwa habari njema, na hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kujiuliza, ni akina nani waliokuwa chini yake wakati babu akiongeza sukari. Simlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sijawahi kulala kwenye tope la Kabaw. Lakini siwezi tena kusema kwamba mimi ni mfasiri tu, asiyehusika.

## Maji

Sehemu hii ningependa kuiruka, na ndiyo iliyoamua.

Setsuko Thurlow alikuwa na miaka 13 Hiroshima ilipopigwa. Alipozungumza Oslo mwaka 2017, kwenye utoaji wa Tuzo ya Nobeli ya Amani, alisema kwamba kila akiikumbuka Hiroshima picha ya kwanza inayomjia ni ya mpwa wake Eiji, mtoto wa miaka minne, aliyeungua hata asitambulike, akaendelea kuomba maji kwa sauti hafifu mpaka alipokata roho.

Maji yamo katika ushuhuda wa manusura karibu wote. Walioungua waliomba maji, na wengi wa waliokuwa wazima walikuwa wameambiwa kwamba ukimpa maji aliyeungua vile atakufa. Basi wakawanyima. Wakafa bado wakiomba. Wengine walipewa, wakafa palepale, na aliyewapa akabaki akiamini kwamba yeye ndiye aliyewaua. Wapo walioacha mama au dada chini ya magogo kwa sababu moto ulikuwa unafika. Hawakuangusha kitu. Hawakutia saini amri yoyote. Miaka 70 baadaye bado walikuwa wanaomba radhi.

Ndipo nilipolisoma jiwe upya, nikimfikiria mwanamke mzee wa Hiroshima anayesimama mbele yake. Mimi nilitafuta nafsi kati ya marais, majenerali na wakurugenzi wa migodi. Yeye hatafuti, sentensi isiyo na mtendaji inamwachia nafasi, naye anaingia humo na kikombe chake cha maji ambacho hakukitoa. Kila tarehe 6 Agosti, kwenye ibada ya kumbukumbu, maji hutolewa sadaka mbele ya jiwe lile.

Kama yeye, ambaye hana hatia yoyote, anaweza kusema "sisi", mimi mjukuu wa Keya nitakataaje?

Wachimbaji wa Shinkolobwe bado sikuwaingiza. Nilimwomba Mwalimu awasimulie darasani, wakiwa peke yao, na si chini ya sentensi ile. Sina uhakika kama nimetenda haki. Kiambishi *tu-* hakina kichujio. Ukishakiandika, kila anayesoma kwa sauti anaingia, apende asipende, na mwanafunzi wa Likasi akiisoma ataingia pia.

Nilituma hivi: "Laleni kwa amani, kwa kuwa kosa hili hatutalirudia." Nilichagua kosa moja badala ya makosa, kwa sababu ya tarehe mbili zilizotengana kwa siku tatu: nataka yaonekane kuwa tendo moja. *Hili* niliiongeza mwenyewe. Haimo kwenye jiwe, na rafiki yangu aliyesoma Kijapani hakufurahi.

Mwalimu alijibu kesho yake jioni, na picha ya ukuta uliokwisha kupakwa chokaa. "Asante sana Mwalimu. Tatizo ni moja, ukuta ni mfupi. Neno la mwisho haliingii kwenye mstari. Fundi anasema tukiandika 'halitarudi' linaenea vizuri."

Nikamwambia agawe mistari miwili.